Kalamu nyekundu ya Nagoya: ofisi iliyonisahihishia ndege za babu kwa Kijapani

Nimelipa yeni 24,800 kusahihishiwa kurasa 14, na nikitakiwa kulipa tena kesho nitalipa. Naanza na hilo kwa sababu najua anayesoma tathmini ya huduma anataka kwanza kujua kama hela ilikwenda bure. Haikwenda bure. Ila huduma hii si ya kila mtu, na wapo ambao nitawaambia wazi wasijisumbue kupanda zile ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alitoka Tabora akaenda Burma, ambayo leo ni Myanmar, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, akarudi mzima. Mwaka 1989 mjomba alimrekodi kwenye kanda tatu za kaseti, babu yuko barazani anasimulia na kuku wanasikika nyuma yake. Mimi naishi mkoa wa Gifu, Japani, huu mwaka wa 15, nafanya ukalimani kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Mwaka jana wazee wa mtaa wetu hapa Kakamigahara waliniomba nifike kwenye ukumbi wa mtaa mwezi wa Agosti, mwezi ambao Wajapani hukumbuka kwisha kwa vita, niwasimulie babu aliona nini akiwa upande wa pili. Nikaitikia palepale. Nilipokaa na zile kanda nikagundua kwamba nusu ya masimulizi ya babu ni ndege.

Babu hakuwa rubani wala fundi wa ndege. Alikuwa askari wa miguu. Lakini Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua za masika ya kule zilikuwa zimegeuza njia zote kuwa tope, na wakubwa wakaamua kuilisha kutoka angani. Chakula, risasi, dawa, hata barua, vyote vilidondoshwa. Mpaka wanafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba, babu alikuwa anazijua ndege kwa mlio.

Na Kakamigahara si mji wa kukosea jina la ndege. Uwanja wake wa ndege ulifunguliwa mwaka 1917. Zero, ndege vita maarufu ya wanamaji wa Japani, ile ya kwanza ya majaribio iliruka hapo tarehe 1 Aprili 1939, baada ya kuletwa vipande vipande kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka kiwanda cha Mitsubishi kilichoko Nagoya, umbali wa kilomita 48 hivi. Kawasaki wana kiwanda cha ndege hapa hadi leo. Makumbusho ya anga ya mji huu ndiyo yanayotunza Hien, ndege vita ya Kawasaki, pekee iliyobaki nchini. Nilijua kwamba kwenye viti vya ukumbi ule watakaa watu waliotumia miaka 40 ya maisha yao kupigilia ribiti kwenye mabawa. Huwezi kuwasomea watu kama hao Kijapani cha kubahatisha.

Nilianza na programu ya simu, ya kulipia, yeni 1,200 kwa mwezi. Jina lake silitaji kwa sababu nilijaribu tatu na zote zilinifanyia mambo yaleyale. Kwa barua za kiwandani zinatosha kabisa, nazitumia kila siku. Kwa ndege za vita zinakuangusha, tena kwa utulivu, bila kukuonyesha kwamba zina shaka.

Pamoja na kanda za babu nilikuwa na kurasa mbili za Kiingereza kuhusu ndege za Waingereza zilizowasaidia, nilitaka kuzibandika ubaoni. Mle ndani kulikuwa na sentensi inayosema kwamba sehemu za kuongozea za ndege vita iitwayo Hurricane, zikiwemo zile za mkiani zinazoinua na kushusha pua ya ndege, zilifunikwa kwa kitambaa. Programu ikaandika *erebētā*. Hiyo ni lifti, ile ya kwenye ghorofa. Neno la fundi ni *shōkōda*, na ukilisoma herufi kwa herufi ni kupanda, kushuka, usukani. Ukiliona mara moja hulisahau.

Vyeo ndivyo vilivyonitisha zaidi. Jeshi la anga la Uingereza lina cheo ambacho ukikitafsiri neno kwa neno unapata "kiongozi wa skwadroni". Programu ikaandika *hikōtaichō*, mkuu wa kikosi cha ndege. Huo ni wadhifa, na mtu anaweza kuwa na cheo hicho bila kuongoza kikosi chochote. Kijapani chake ni *shōsa*, sawa na meja wetu. Kingine kinasomeka kama "luteni wa ndege" na programu ikamshusha mwenyewe kuwa *chūi*, wakati alikuwa sawa na kapteni wa nchi kavu, *taii*. Na kapteni wa babu, ambaye babu anamtaja mara saba, alitoka na sura tatu: mara *senchō*, nahodha wa meli, mara *kichō*, rubani mkuu wa ndege ya abiria, mara *kyaputen*, kama wa timu ya mpira. Kapteni wa Keya ni *taii*. Angekuwa kapteni wa manowari za Mwingereza angekuwa *taisa*, ngazi tatu juu yake. Kwa maandishi maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja.

Kisha kuna bombomu. Babu anasema: "Ndege ya Mjapani ikapita chini kwa chini, ikatumwagia bombomu." Programu ikaandika kwamba ndege ilidondosha mabomu. Wazee wetu wa Keya waliita bombomu ile bunduki inayotema risasi mfululizo, ambayo leo wengi tunaiita rashasha. Nililijua hilo kwa sababu mjomba aliwahi kunieleza. Kijana wa leo asiyemjua mjomba wangu angelipitisha, na simulizi ya babu ingekuwa ya uongo kwa Kijapani huku ni ya kweli kwa Kiswahili.

Hapo ndipo mwenye duka moja la modeli za plastiki, mahali ninapomnunulia mwanangu gundi na rangi, akaniambia habari za ofisi hii. Iko Nagoya, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo. Jina silitoi kwa sababu mwenye ofisi mwenyewe aliniomba. Wako wawili tu na kazi waliyonayo inawatosha. Mwenye ofisi ni mama wa makamo aliyewahi kufanya tafsiri za vitabu vya mwongozo wa mashine. Mwenzake ni mzee wa miaka 81, fundi wa ndege aliyestaafu. Kila mtu anamwita Sensei, yaani mwalimu, nami nikamwita hivyo.

Hawakupokea karatasi zangu kwanza. Walinipa fomu yenye maswali matatu. Ndege ya nani? Mwaka gani? Nani atasikiliza?

Nilipoyasoma nilidhani ni adabu za ofisi. Sasa najua kwamba kazi yote imo humo, na kama ofisi yoyote ya tafsiri haikuulizi maswali hayo kabla ya kugusa maandishi ya ndege za kivita, chukua karatasi zako uondoke.

Swali la kwanza lina uzito kwa sababu Japani ya kabla ya 1945 haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake na jeshi la majini lilikuwa na zake, na kila moja lilikuwa na msamiati wake kama majirani wawili wasiosalimiana. Sensei alinifungulia daftari lake la kurasa za mraba akanionyesha. Neno *kōgekiki* ukilitafsiri juu juu ni "ndege ya kushambulia". Lakini kwa wanamaji wa enzi hizo, *kōgekiki* ya kwenye manowari ya kubebea ndege ilikuwa ndege ya kubeba topido, na ile inayopiga mbizi kutoka juu na kuachia bomu iliitwa *bakugekiki*. Ukichanganya hayo mawili umebadilisha kazi ya ndege, silaha yake na namna marubani wake walivyokufa.

Bunduki nazo vilevile. Jeshi la nchi kavu liliita silaha ya ndege ya milimita 12.7 *kikanhō*, neno lenye mzinga ndani yake. Wanamaji walikuwa na ya milimita 20, kubwa zaidi, na bado wakaiita *kijū*, neno lenye bunduki ndani yake. Kitu kikubwa kina jina dogo na kidogo kina jina kubwa. Hakuna kamusi ya simu itakayokuambia hilo usipouliza ndege ilikuwa ya nani.

Hata miaka. Mwaka 1940 ulikuwa mwaka wa 2600 kwa hesabu ya kifalme ya Kijapani. Wanamaji walichukua tarakimu ya mwisho, wakaiita ndege iliyopokelewa mwaka huo ya sifuri, na ndiyo Zero tunayoisikia hadi leo. Nchi kavu, kwa mwaka uleule, waliziita zao za mia moja. Mwaka uliofuata wote wakaanza na moja, na ndiyo maana jina rasmi la Hayabusa, ndege ya jeshi la nchi kavu, ni ndege vita ya aina ya kwanza, ingawa kabla yake walishakuwa na ndege vita nyingine nyingi.

Hapo nikamwambia Sensei kwamba nilikuwa nimeandika Hayabusa kwenye rasimu, kwa sababu nilisoma kwamba vikosi vya Hayabusa vya nchi kavu vilikuwa Burma. Akaniuliza: "Babu yako alisema Hayabusa?" Nikasema hapana, alisema ndege ndogo yenye duara jekundu. "Basi andika ndege ndogo yenye duara jekundu." Akalikata neno langu kwa kalamu nyekundu. Nilikaa nikiliangalia lile neno lililokatwa treni nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nataka kumwonyesha babu kama mtu anayejua, na kumbe babu alikuwa ameshasema alichokiona.

Swali la pili, la mwaka, lina sababu nyingine. Baada ya vita Japani iliandika katiba mpya, ikaanza kutumika mwaka 1947, na kifungu chake cha 9 kinakataa kuwa na nguvu za kivita. Kikosi cha Kujilinda cha Anga kikaanzishwa mwaka 1954, na kikosi kisichoitwa jeshi hakiwezi kutumia maneno ya jeshi. Kanali wa zamani alikuwa *taisa*. Wa leo ni *issa*. Vifaru viliwahi kuitwa "magari maalumu". Manowari zinazopigana zinaitwa meli za kusindikiza. Ndege iliyotengenezwa hapa Japani miaka ya 1970 ya kushambulia meli na shabaha za ardhini, F-1, iliitwa *shien sentōki*, ndege vita ya msaada. Walipoanza kutumia Phantom za Kimarekani walitoa vifaa vya kulengea mabomu, kwa sababu bungeni kulikuwa na maneno kwamba ndege hiyo ingeweza kutishia majirani. Kwa hiyo anayetafsiri habari ya leo akaandika *taisa* kwa afisa wa Kijapani, amemrudisha mtu yule kwenye jeshi lililovunjwa mwaka 1945. Na anayetafsiri habari ya 1944 kwa maneno ya leo, amewavisha wafu sare ambazo hazikuwapo.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wazee na wapenzi wa modeli. Sikubali. Desemba 2016 ndege ya Osprey ya Wamarekani iliangukia majini karibu na pwani ya Nago, Okinawa, ikavunjika vipande. Wizara ya Ulinzi ya Japani ikatumia *fujichakusui*, kutua majini kwa dharura. Magazeti ya Okinawa yakaandika *tsuiraku*, kuanguka. Kwenye neno la kwanza rubani bado ameshika usukani. Kwenye la pili ndege imeshamshinda. Novemba 2023 Osprey nyingine ilianguka karibu na kisiwa cha Yakushima, wakafa watu wanane, na wizara ikaanza tena na kutua kwa dharura, kisha kesho yake ikabadilisha ikasema kuanguka. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha chakula kiwandani, televisheni iko juu ukutani, na wenzangu Wajapani walikuwa wanabishana juu ya hilo neno moja. Anayetafsiri habari kama hiyo kwa Kiswahili na kuandika tu "ajali ya ndege" amewaficha wasomaji ugomvi wenyewe.

Lakini swali la tatu ndilo lililonifanya niipende ofisi hii.

Turudi kwa bombomu ya babu. Kwa kanuni zote Sensei alizonifundisha, ndege ile ilikuwa ya jeshi la nchi kavu, maana ndizo zilizopigana Burma, kwa hiyo kama ilikuwa na bunduki za milimita 12.7 neno sahihi ni *kikanhō*. Nililiandika kwa fahari kwenye rasimu ya pili. Akalikata. Juu yake akaandika *kijū sōsha*.

Nikampigia simu kuuliza kwa nini, maana kwa maneno yake mwenyewe *kijū* ni la wanamaji. Akanieleza taratibu. Gifu ilichomwa kwa mabomu usiku wa tarehe 9 Julai 1945, na Kakamigahara ilishapigwa mwezi uliotangulia kwa sababu ya viwanda vya ndege. Watu wa rika lake, waliokuwa watoto wachanga, na kaka na dada zao, walikua wakisikia neno moja kwa ndege inayokuja chini na kufyatulia watu risasi njiani na mashambani: *kijū sōsha*. Bibi wa miaka 90 halijui kama neno la kijeshi. Analijua kama neno la kulala chini mtaroni. "Ukisema *kikanhō*," akaniambia, "mafundi watatikisa kichwa kwamba umesoma. Ukisema *kijū sōsha*, wote watajua babu yako alijisikiaje."

*Sōsha* ukilifungua ni kufagia na kufyatua. Wajapani wanasema ndege inawafagia watu. Babu alisema inawamwagia. Nimeyazungusha hayo mawili kichwani siku nyingi. Anayefagiwa anamwona mwenye fagio akija kutoka upande mmoja. Anayemwagiwa haoni kitu mpaka kimemfika. Bonde la Kabaw ni msitu, matawi yamefunika juu. Nadhani babu alichagua neno lake kwa sababu hiyo.

Lipo jingine lililonifurahisha. Babu anasema mizigo ilishuka kwa "miavuli ya gunia". Nilidhani ni mzaha wake, kumbe ni kweli tupu: miavuli ya kawaida ilikuwa haba, basi jeshi la Jenerali Slim, mkuu wa majeshi ya Mwingereza kule Burma, likashonesha miavuli ya kudondoshea mizigo kwa juti, nyuzi zilezile za magunia, kule Calcutta. Programu ya simu ilipoona mwavuli ikaandika wa mvua. Sensei akaandika *rakkasan*, neno ambalo ndani yake kuna kuanguka na kuna mwavuli uleule wa mvua. Kwa mara moja Kiswahili na Kijapani vilikuwa vimewaza kitu kimoja, nami sikuwa na cha kuongeza.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo.

Wanachelewa. Waliniahidi siku 10, nikapata karatasi baada ya siku 19, na mimi ndiye niliyepiga simu kuulizia. Masahihisho yanakuja kwa posta, kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mkono. Mwandiko wa Sensei ni wa kizamani, herufi zinaungana kama nyoka, na mara mbili ilibidi nimwombe mume wangu anisomee, naye mara moja alishindwa. Malipo ni kwa kutuma benki tu. Bei ni yeni 4 kwa kila herufi ya Kijapani. Nilikuwa na herufi 6,200, hesabu ikatoka kamili bila nyongeza. Kwa mtu anayelipwa kufanya tafsiri si bei mbaya. Kwa mwanafunzi ni pesa nyingi.

Kubwa zaidi: hawajui Kiswahili. Wanasahihisha Kijapani chako, hawawezi kujua kama chanzo umekisoma vibaya. Ningeacha bombomu iwe bomu, wangelisahihisha bomu langu likawa bomu zuri la Kijapani. Kwa hiyo usiwapelekee kitu ambacho hujakikamua kwanza kwa upande wetu, kwa kuwauliza wazee waliobaki.

Na tuligongana mahali pamoja. Kwa marubani wa Kiingereza nilikuwa nimeandika *pairotto*, neno la mkopo ambalo kila mtoto hapa analijua. Sensei alitaka *sōjūshi*. Akanieleza kwamba jeshi la zamani la nchi kavu liliwaita watu wake wa ndegeni "wanaofanya kazi angani" na wanamaji wakawaita "waliomo chomboni", na kwamba neno la mkopo linafanya vita ionekane kama filamu. Namheshimu, lakini hapo nilishika langu. Ukumbini wangekuja na watoto, na aliyeuliza nani atasikiliza ni yeye. Hakukasirika. Pembeni aliandika kwa penseli, si kwa wino mwekundu: "Sawa. Uamuzi wa mwandishi."

Nani aende? Kama una habari ya ndege za kivita ya kuingiza kwenye Kijapani, iwe ya zamani au ya juzi, na itasomwa na watu wanaojua, tafuta ofisi ya namna hii, yenye fundi ndani yake. Maduka ya modeli ni mahali pazuri pa kuulizia. Wateja wao wamejaa mafundi wastaafu. Kama unataka tu kuelewa mwongozo wa mchezo wa kompyuta au kusoma kibandiko cha makumbusho, programu ya simu itakufikisha, alimradi vyeo na majina ya vikosi usiviamini. Na kama una haraka ya wiki moja, usipande zile ngazi.

Nimebakiza ndege ya posho.

Ndege kubwa za mizigo, zile Dakota, babu haziiti ndege za usafirishaji. Anaziita ndege za posho, kanda nzima, mbele na nyuma. "Tukisikia ndege ya posho tunatoka mashimoni." Kwa Kijapani nilikuwa nimeandika *yusōki*, na ni sahihi, hakuna fundi angenyanyua kidole. Karatasi iliporudi neno halikukatwa. Lilikuwa limezungushiwa duara jekundu na pembeni kuna maelezo marefu kuliko mengine yote, yale aliyonisomea mume wangu mezani.

Sensei aliandika kwamba mwaka uleule, upande wa pili wa msitu uleule, askari wa Japani walikuwa wakirudi kutoka Imphal, mji wa India walioshindwa kuuteka, bila kulishwa na mtu. Njia waliyopita wenyewe waliiita *hakkotsu kaidō*, barabara ya mifupa myeupe. Mizigo ya Waingereza walipofanikiwa kuiteka waliipa jina la mgao wa Churchill. Wapo watu Gifu ambao baba zao hawakurudi kutoka njia ile, na hawakuuawa kwa risasi, walikufa kwa njaa. "*Yusōki* haimuumizi mtu," aliandika. "Lakini babu yako hakusema hivyo. Alisema ndege ya chakula. Watakaosikiliza watajua mara moja ni kitu gani ambacho watu wao hawakuwa nacho. Fikiria kama unataka wasikie. Ukitaka, nimekuandikia njia tatu."

Njia ya kwanza ilikuwa kuacha *yusōki*. Ya pili, ndege inayobeba chakula cha jeshi, kwa neno rasmi la enzi hizo. Ya tatu, kuliacha neno la babu lilivyo, *posho no hikōki*, na kueleza posho ni nini mara ya kwanza tu.

Nilimpigia mjomba Tabora, ni mzee sasa, nikamuuliza babu angependa ipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, baba hakuwahi kuwasema vibaya Wajapani kuhusu njaa. Alikuwa akifika pale anasema tu aliwaona njiani, kwenye mji wa Tamu, wamelala, na vyungu vyao vitupu. Kisha anaomba maji." Hilo halimo kwenye kanda. Sikuwa nalijua.

Nikachagua ya tatu. Ukumbini, siku ya Agosti, niliisoma *posho no hikōki* mara 11. Mara ya kwanza nilieleza kwamba posho ni chakula anachopewa askari kwa kipimo. Mzee mmoja wa safu ya pili alitoa kalamu akaliandika neno hilo kwenye kiganja chake.

Ankara ilipokuja nilihesabu herufi upya, nikaona hesabu yao imepungua kwa zile za maelezo ya posho niliyoyaongeza baadaye. Nikapiga simu niwalipe. Mama mwenye ofisi akasema Sensei amekataa.